Vidole vya Bibi na Waya Mbili

Nyiii! Mlio ule bado ninao masikioni, mwembamba kama wa mbu, ukitoka kwenye kopo la sabuni nililomtengenezea bibi.

Bibi alikuwa amepooza upande mmoja, sauti imebaki mnong'ono. Shangazi alitaka kumchukua akakae naye Mingoyo.

"Mama akidondoka, nawe uko jikoni uani, utamsikiaje?"

Bibi hakutaka kuiacha nyumba yake ya Rasbura. Basi mimi, niliyeishia kidato cha pili na ndoto tele kichwani, nikasema nitamtengenezea cha kuniitia. Shangazi akacheka, akanipa mpaka Ijumaa.

Mjomba wangu, fundi redio, alinikaribisha kibandani kwake, akanipa transista mbili, kapasita na spika kutoka redio mbovu. Akanielekeza: transista moja inaiamsha ya pili, kapasita inajaa umeme na kuumwaga, inajaa na kumwaga, na kila ikimwaga spika inagonga. Ikigonga upesi upesi ndiyo mlio. Swichi sikuweka, kwani mkono wa bibi uliobaki mzima haukuwa na nguvu ya kubonyeza. Niliacha ncha mbili za waya wazi aziguse tu, umeme mdogo wa betri upite kwenye ngozi yake.

Mara ya kwanza, kimya. Mjomba akachungulia.

"Wewe mpwa! Transista ni mafiga matatu. Umegeuza figa, chungu kitakaa?"

Nikalehemu miguu ya transista upya, nikaungua kidole, nikagusa. Nyiii! Nilicheza ngoma pale pale kibandani.

Nyumbani bibi akagusa. Tik... tik... kisha kimya. Nikagusa mimi: nyiii! Akagusa yeye: tik.

"Mashine yako inapenda wasichana," akanong'ona.

Nilicheka huku machozi yakinilenga. Nikabadilisha betri, nikakaza waya. Wapi! Na Ijumaa ilikuwa kesho yake.

Alasiri nikamtawadhisha kama kawaida. Kabla sijamfuta, mkono wake ukaangukia zile waya. Nyiii! Kali kuliko yangu!

Nikavishika vile vidole. Miaka yote ya kubangua korosho, mafuta ya maganda yalivichoma hadi vikawa vigumu na vikavu kama maganda yenyewe. Umeme ungepita wapi? Nikaweka kikombe cha maji kando ya kitanda, awe anachovya kwanza.

Ijumaa shangazi aliketi nami jikoni akikuna nazi. Nyiii!

"Abee, bibi!" Nikakimbia ndani. "Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nataka shangazi yako asikie."

Shangazi alisikia. Aliondoka peke yake, akituachia nazi iliyokunwa, na bibi akabaki kwake mpaka siku zake zilipokwisha.

Juzi nikifagia chumba chake nililikuta kopo lile nyuma ya kitanda. Nikatia betri mpya, nikachota maji kikombeni, nikachovya vidole viwili, nikagusa. Nyiii!

"Abee," nikaitikia, na ndani hapakuwa na mtu.