Kahawa Isiyotafunwa

Mwalimu wa kundi la sala hapa Nyaishozi haingii kwenye nyumba yenye furaha. Tangu vita vya mpakani viishe namwona akipita kati ya migomba, kanzu nyeupe, miguu peku, na kila anakokwenda kuna msiba. Huwatangulia hata majirani. Huchota maji, hupasua kuni, kisha humwuliza mfiwa kwa sauti ya chini, “Unadhani ulikosa nini, mama?” Anayejibu amekwisha. Jibu lake litasemwa Jumapili mbele ya kundi lote, na baada ya hapo hathubutu kuwaacha, maana siri yake wanayo. Vidole vya mwalimu ni virefu na safi mno. Ukimkaribisha kwa kahawa ya kutafuna, ambayo kwa desturi yetu ni ishara ya undugu, huipokea kwa mikono miwili, hushukuru, halafu punje huishia mfukoni. Sijawahi kuona taya lake likisogea.

Masika haya dada yangu Auleria alifiwa na mtoto. Juzi alikuja kwangu, mwalimu akiwa nyuma yake. Nikampa kahawa ya shamba la baba yetu.

“Tafuna, mdogo wangu. Hapa ni kwenu.”

Akamtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa akiangalia kucha zake. Auleria akazipokea punje kwa mikono miwili, akazifunga kwenye pindo la kanga.

“Ahsante, bwana,” akaniambia.

Tangu ajue kusema, alikuwa akiniita kaka.