Mtu Aliyetazama Mlango

Juzi nilikuwa saluni, Mchesi hapa Lilongwe, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado, pale binti wa mwenye saluni alipoweka filamu ya zamani kwenye televisheni ya ukutani. Sikuijali. Kisha nikasikia mvua ile, na muziki wa taratibu chini yake, na nilipoinua macho nikaona chumba chenye taa moja na mwanaume amekaa kwenye kiti cha mbao, uso ameuelekeza mlangoni. Nikamshika msusi mkono, nikamwomba asubiri. Filamu hiyo nimeitazama mara nyingi kuliko nilivyoutazama uso wa baba yangu, na sikuwahi kuuona mwisho wake.

Ngoja nikurudishe nyuma, rafiki yangu, maana jambo hili haliwezi kuelezwa juu juu.

Nimekulia Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, miaka ya ile vita ya pili ya kwetu Kongo, nikilelewa na bibi mzaa mama. Tulitoka Fizi, yeye na mimi na sufuria mbili. Kambi ilikuwa gereza kabla hatujaja, na wenyeji walitukumbusha hilo huku wakicheka. Mwezi wa sita baridi ya vilima vya Dowa ilipenya hadi chini ya blanketi. Asubuhi nilipanga ndoo kwenye foleni ya bomba, na nikirudi namkuta bibi anatwanga sombe, majani ya mihogo, vinu vinaitikiana nyumba kwa nyumba, na harufu ya usipa wa kukaanga imejaa uani. Usipa ni dagaa wa ziwa la huku. Bibi aliwasema kila siku kwamba hawafiki hata nusu ya ndagala wa Tanganyika, kisha anawala mpaka mkia. Nsima, ugali wa huku, aliiita bugali mbele ya Wamalawi wenyewe. Nakueleza haya ili ujue kwamba nilipendwa, na kwamba waliofanya nitakayokusimulia ndio hao hao walionipenda.

Jumapili ya kwetu haikuishia kwenye ibada. Baada ya mahubiri kulikuwa na ufafanuzi. Watu walikaa duara, wakachukua mfano mmoja wa Bwana Yesu na kuuchambua kama mchele. Mtini ni nini? Mafuta ya wale wanawali ni nini? Hakuna kitu kilichowekwa bure kwenye Neno, hilo tulifundishwa kabla ya kujua kusoma. Aliyeongoza ufafanuzi alikuwa mwalimu wetu wa shule, ambaye pia alikuwa mwinjilisti, mwanaume mrefu mwenye sauti nzuri na suruali iliyopigwa pasi hata wakati wa vumbi. Alipenda sana neno la Kifaransa, symbole, yaani ishara. Alilitamka akiwa amefumba macho.

Mchana watu walewale, na nguo zilezile za kanisani, waliingia nyumba ya video. Ilikuwa ya matofali ya udongo na paa la turubai, jenereta linanguruma nje, ndani tumebanana kwenye magogo tunanusa petroli na mafuta ya nywele. Mwenye nyumba alikuwa na kaseti chache, na iliyopendwa kuliko zote ilikuwa hiyo ya muuaji. Katika mji mmoja wa wazungu watu wanauawa, inspekta anatafuta, na katikati ya yote kuna mwanaume asiyesema kitu. Amekaa chumbani, anatazama mlango. Ananawa mikono, anarudi kukaa, anatazama mlango. Mwishoni kitasa kinaanza kuzunguka, na hapohapo picha inakatika, kwa sababu mashine ilishaitafuna ile kaseti zamani. Kiingereza tulikuwa hatukijui. Kwa hiyo mwisho tuliutafuta wenyewe, kwa njia tuliyoijua. Mwalimu alisimama mbele ya televisheni iliyozimwa na kuifafanua filamu kama alivyofafanua Injili asubuhi.

Sasa nikuambie habari za fundi. Alikuwa Mnyarwanda aliyekimbia Kongo kama sisi, mpole, mwembamba, mwenye cherehani ya mkono aliyoibeba kichwani kutoka nchi hadi nchi. Kwenye bandari ya Kalemie, siku ya kukimbia, yeye alisukumwa kwenye boti moja na binti yake akapakiwa kwenye jingine, na maboti hayakufika mahali pamoja. Aliambiwa kwamba wanaokuja Malawi wote hupitia Dzaleka. Basi alikataa nafasi nzuri sokoni, akajenga kibanda pale malori ya wageni yanaposimama, karibu na mlango wetu, akaweka cherehani ikiitazama barabara. Kila lori likija alisimama, akatazama uso mmoja mmoja mpaka wa mwisho, kisha akakaa na kuendelea kushona. Alinawa mikono kabla ya kugusa kitambaa cha mtu. Sare yangu ya shule aliirefusha kila mwaka, na hakuacha kuniuliza kama binti yake atakuwa na urefu kama wangu.

Jumapili moja mwalimu aliuliza, "Ule bwana wa filme, juu ya nini anaangaliaka mulango?"

"Juu anaogopa," watu wakajibu.

"Anaogopa nini? Mwenye kufukuzwa anakimbia. Huyu hakimbie. Anangojea. Muntu mwenye roho safi anapatia mulango mugongo, anakula, anacheka. Mwenye kuua njo anaangalia mulango, juu anajua kuna siku damu itakuja kubisha. Na maji ya mikono, ile njo Pilato. Ni symbole!"

Watu walipiga makofi. Kutoka magogo ya nyuma mama mmoja akasema, "Basi ni kama fundi wetu."

Walicheka, nikacheka na mimi, maana lilikuwa la kuchekesha. Mwalimu hakucheka. Alifumba macho.

Baada ya hapo watoto walianza kumwita Bwana Filme. Walinawa mikono hewani mbele ya kibanda chake na kukimbia. Kisha akina mama wakaja kuchukua vitenge ambavyo hajamaliza kushona. Mmoja alikumbuka kwamba kule Uvira alisikia habari za mtu mwembamba. Mwembamba! Kambi nzima tulikuwa wembamba. Na kila mmoja wetu alikaa akitazama mlango, bibi yangu wa kwanza, aliyelala miguu ikielekea mlangoni na viatu vimevaliwa. Hakuna aliyeliona hilo. Hasira inanipanda mpaka leo.

Mwishowe mwalimu alikwenda kwa fundi Jumamosi asubuhi, na watu nyuma yake.

"Fundi, siye hatuko bantu babaya," alisema. "Geuza tu kiti. Patia barabara mugongo mpaka jua ilale. Ukiweza, tutanyamaza."

"Mwalimu, munajua yenye inafanya niangalie barabara. Nilibaambia bote. Ni mutoto wangu."

"Mutoto akikuja atakuita. Uko na masikio."

Fundi akageuza cherehani. Akakaa akiutazama ukuta wa kibanda, akashona. Na watu, rafiki yangu, hawakurudi nyumbani. Walikaa kwenye nyasi wakamtazama. Akina mama walileta kazi zao, wengine walileta mahindi ya kuchoma na karanga, kama walivyozoea kuja nazo kwenye video. Bibi alikaa mbele kabisa akibambua maharage. Sindano ya fundi iliendelea kulia, na kila gari lililopita shingo yake ilitetemeka, lakini hakugeuka. Alasiri likaja lori la wageni. Tukasikia breki, mlango wa nyuma ukaanguka kwa kishindo, watu wakaanza kushuka. Fundi alikuwa ameacha kushona, ameshika meza kwa mikono miwili. Ndipo mtoto wa kike akaita kwa sauti kubwa, "Baba!"

Aligeuka. Alikuwa mtoto wa mtu mwingine, anamwita baba yake aliyekuwa akishusha magodoro.

"Ameangalia!" watu walipiga kelele, kwa furaha kabisa, kama mpira umeingia golini. Walikumbatiana. Kisha vijana waliangusha kibanda, na mtu ambaye asubuhi ile aliongoza maombi akapigapiga gurudumu la cherehani kwa jiwe mpaka likapinda. Fundi hakujitetea. Alikuwa bado anatazama lori, kuhakikisha kwamba wote wameshuka.

Kesho yake asubuhi alikuja mlangoni kwetu, uso umevimba. Nje mwenye kabaza alikuwa anamngoja, cherehani imefungwa kwenye kiti cha nyuma cha baisikeli. "Mama," alimwambia bibi, "minaenda Lilongwe, ku Kauma, pembeni ya chigayo. Mutoto akikuja, mumuambie tu hivyo. Kauma, pembeni ya chigayo." Chigayo ni mashine ya kusaga, hakuna asiyeijua. Bibi alimpa mihogo miwili ya kuchemsha na kumwahidi kwa jina la Mungu.

Binti alikuja mvua zilipoanza. Tulikuwa uani, mimi na bibi na jirani wawili, na mwalimu alikuwa amepita kuomba moto wa jiko. Msichana alishuka kwenye lori na begi la plastiki, akatembea moja kwa moja mpaka kwetu. Urefu wake ulikuwa kama wangu.

"Yambo, bibi," alisema. "Ku Karonga banasema hapa iko fundi mumoja mwenye anaangaliaka barabara. Minafikiri ni baba yangu."

Mwalimu alikuwa anachagua kaa la moto. Bibi alimtazama mwalimu, akawatazama majirani, kisha akamtazama yule msichana kwa huruma ya kweli.

"Hapana, mwanangu. Huyo muntu hatumujue."

Nilifungua mdomo. Bibi alinibana mkono kwa nguvu iliyoacha alama, na mdomo nikaufunga. Jirani mmoja akaongeza kwamba labda ni kambi nyingine, ile ya Msumbiji. Wakampa maji ya kunywa, na msichana akasema aksanti.

Usiku ule nilimuuliza bibi sababu. Hakunikasirikia. Alinieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kusonga ugali: akienda Kauma, baba yake atamwambia, wakiambiana, wataenda ofisi ya wakimbizi, ofisi wakijua tulimfanyia nini, dosye zetu, faili za kwenda ng'ambo, zitaharibika. "Nafanya juu yako," alisema, akanifunika blanketi. Baada ya muda yule msichana alijiunga na watu waliokuwa wanaelekea Msumbiji.

Dosye ya bibi haikutoka kamwe. Amezikwa palepale Dzaleka. Ya mwalimu ilitoka mapema, akaenda nchi ya theluji. Mimi nilipopata nguvu za kutembea mwenyewe mjini nilikwenda Kauma. Watu wa chigayo walimkumbuka fundi aliyeshonea barazani. Alikuwa haangalii barabara tena, walisema, alikaa ameipa mgongo, na kifua kilimuua msimu wa baridi.

Dzaleka nimerudi mara kadhaa. Nyumba ya video haipo, pamekuwa duka la kuchaji simu. Kibanda cha fundi hakina hata alama. Sombe inatwangwa bado, vinu vinaitikiana bado, na nikivisikia moyo unafurahi kabla sijauzuia.

Basi pale saluni niliona mwisho. Kitasa kinazunguka, mlango unafunguka, anaingia mwanamke aliyelowa mvua ameshika sanduku. Ni mke wa yule bwana. Alikuwa anamngoja mkewe. Anasimama, anampokea koti, basi. Muuaji ni mwingine kabisa, mnywaji mcheshi wa baa ambaye tangu mwanzo wa filamu amekaa ameupa mlango mgongo. Mama mwenye saluni aliniuliza kwa nini nalia kwa filamu ya kizee. Nikamwambia zikomo, asante, aendelee kunisuka.

Tuna kundi letu kwenye simu, sisi tuliokulia mtaa ule, walioko hapa na walioko ng'ambo. Niliandika mwisho wote, nani aliingia, nani muuaji. Watu walifurahi sana, wakacheka, wakakumbushana petroli na magogo. Mwalimu naye akajibu, mzee sasa, kutoka huko kwenye theluji: alikuwa anajua, na yule mke wa mlangoni ni symbole ya Kanisa linalorudi kwa Bwana wake.

Nikaandika: "Na binti wa fundi, yeye alikuwa symbole ya nini?"

Simu inaonyesha nani amesoma. Wamesoma wote. Hadi jioni hakuna aliyejibu, kisha jirani yetu wa zamani, yule aliyemtajia msichana kambi ya Msumbiji, akatuma picha ya maua mekundu akitutakia Jumapili njema, na watu wakaanza kumshukuru.