Shikanga na Cheche Iliyowahi

Shikanga wa Lurambi alikuwa fundi wa pikipiki na pampu za maji, na kama mdomo ungekuwa spana, Kakamega nzima isingebaki na chombo kibovu. Ukipita bandani kwake, hata kwa haja zako mwenyewe, utasikia tu: "Mimi injini hainishindangi!" Kusema kweli, sikio alikuwa nalo. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho kama anayeomba, halafu akakutajia ugonjwa. Mara nyingi alipatia. Watu wakamsifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mwaka huo wa tisini na nne alikuwa amekomaa bila mke, na moyo wake ulikuwa umenasa kwa Nafula, mwanafunzi wa chuo cha kilimo kule Bukura. Alimpenda, hilo simnyang'anyi. Alimpenda mpaka akaanza kuoga siku za kazi. Nafula naye alimpenda, na kwa nini, Mungu ndiye ajuaye. Kikwazo kilikuwa baba yake, Mzee Lusweti wa Lugari, aliyepata kipande cha shamba la Mzungu pamoja na bwawa, mashua ya mbao, na injini ya mashua iliyolala ghalani tangu Mzungu afunge virago. Lusweti hakujua kuogelea hata kidogo, lakini alitamani kuzungushwa bwawani kama bwana mkubwa.

"Kijana," alimwambia Shikanga, "nasikia wewe ni fundi. Siku ya kuja na wazee wako kuposa, uje na injini hii ikinguruma. Kama haingurumi, rudini mlikotoka na huyu binti umsahau."

Injini ikaletwa Lurambi ndani ya gunia la mahindi. Shikanga akaibana kwenye ukingo wa pipa la maji, akaizungushia kamba, akavuta. Injini ikakohoa, ikapiga teke, kamba ikamvuta karibu mkono uchomoke begani. Akavuta tena. Teke! Fundi mwingine angejiuliza cheche inaruka saa ngapi, maana teke la namna hiyo ni la cheche iliyowahi: inawasha petroli kabla pistoni haijafika juu, na pistoni inasukumwa kurudi ilikotoka. Shikanga? Wapi! Alibadilisha plagi. Akasafisha kabureta. Akasema petroli imetiwa mafuta ya taa. Akasema pia kuna majirani wenye jicho baya, akawataja kwa majina.

Mwishowe akafungua gurudumu zito la juu, lile linalozungushiwa kamba. Humo ndani mlikuwa na kisahani kinachoshika pointi, zile zinazokata umeme ili cheche iruke. Kisahani kilikuwa na mstari mdogo uliochongwa kiwandani, na mstari mwenzake ulikuwa pembeni. Ukitaka cheche iruke kwa wakati wake, unalinganisha mstari na mstari, basi. Mtoto wa nasari angeweza.

"Mistari ni ya watu wasio na masikio," akasema Shikanga.

Akakisogeza kisahani kwa kukisia, akarudisha gurudumu, akavuta kamba, akasikiliza kwa bisibisi. Akafungua, akasogeza tena, kila mara akizidi kuelekea kule kulikokosewa, cheche ikizidi kuwahi. Mpaka alasiri moja injini ikapiga teke lake la kawaida, na badala ya kuzima, ikashika! Ikanguruma mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Maji yalitoka pipani yakamlowesha Shikanga kuanzia kofia hadi viatu, naye akawa anacheza kama kuna ngoma.

Nafula alikuwa amefika kutoka Bukura, akasimama kando akitazama.

"Shikanga, hapo uliposimama ndipo itakapokuwa mashua, sivyo?"

"Ndipo."

"Sasa mbona maji yanakurukia wewe? Si yangerukia upande ule mwingine?"

"Hiyo ni nguvu, mpenzi. Injini ikiwa na nguvu inarushanga maji ovyo."

Pipa haliendi popote, halina mbele wala nyuma, na hilo ndilo lililomponza mwanamume wa watu.

Siku ya posa ikafika. Sasa, kwetu mkwe na mama mkwe ni petroli na moto. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Kushikana mikono ni mwiko, kukaribiana ni balaa. Kwa hiyo Mama Jael, mke wa Lusweti, alijitenga na wanawake wenzake kwenye ncha ya mbali ya bwawa, akaketi nyasini miguu ameinyoosha, mgongo ameupa maji asije akamwona kijana. Shikanga naye, kwa heshima hiyo hiyo, aliigeuza mashua pua ielekee mbali kabisa na wanawake. Heshima ya pande zote mbili! Lusweti akakaa mbele na koti lake la kanisani.

Shikanga akavuta kamba. Injini ikapiga teke, ikanguruma, na mashua ikaondoka kinyumenyume: lile teke lilikuwa limeigeuza injini izunguke upande usio wake.

"Kijana, tunaenda wapi?" Lusweti akauliza.

"Inatafuta njia, Mzee! Inatakanga kuchanganya kidogo!"

Mwenye akili angezima. Shikanga akaongeza petroli, uso umewaelekea wazee wake waliokuwa wakipunga mikono, meno yote nje. Wanawake wakapiga mayowe wakakimbia. Mama Jael aliyasikia mayowe, lakini adabu ilimkataza kugeuka. Mashua ikagonga ukingo, propela ikala matope, na Shikanga akaruka chali juu ya injini yake, akapita begani kwa mama mkwe, akatua mapajani pake kama furushi la nguo chafu.

Loo! Wazee wakakusanyika, mmoja akisema kondoo wa kutakasa, mwingine akisema wawili. Mama Jael akawatazama, kisha akamtazama Shikanga usoni kwa mara ya kwanza.

"Kondoo wa nini?" akasema. "Mkwe hapakatwi. Niliyempakata ni mtoto wangu, nimemzaa leo, tena kwa uchungu. Na mtoto wangu haoi dada yake."

Wazee walikuna vichwa. Lusweti, koti la kanisani limelowa maji yaliyorushwa na propela, akasema mama ameshasema. Shikanga akamtafuta Nafula kwa macho. Binti alikuwa analia.

"Nilikuambia maji, Shikanga," akasema. "Nilikuambia maji."

Tangu siku hiyo Shikanga ni mwana wa boma lile. Pampu ikiharibika, anaitwa yeye. Injini alikuja kulinganisha mistari yake, na mashua inakwenda mbele vizuri sana. Nafula alipoolewa na mwalimu wa Shinyalu, Shikanga aliketishwa na ndugu wa bibi harusi, akapewa ingokho, yaani kuku, aliyepikwa na Mama Jael kwa mikono yake, paja zima. Alilila machozi yakimtiririka, akawaambia watu ni pilipili. Mama Jael hatiangi kuku pilipili.