Kamba za Kitanda cha Mama

Nyumba yetu ya Mapinga ni chumba na sebule, na mimi ni mtu wa kujisifu, sitaficha: humo ndani hakuna kitu chenye kazi moja. Meza ya kulia inakunjwa ukutani. Stuli zinaingiana. Sanduku la nguo ndilo kiti cha wageni, na mgeni akizidisha maneno namwinua nitoe kanga.

Aliyeninyima raha ni baba. Tangu mama afariki aliishi peke yake Zinga, anakula viporo, na kila nikimwita ahamie kwangu hujibu, "Nitalala wapi, mwanangu, darini?" Nikaapa nitamtafutia pa kulala, kisingizio kimwishie.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kitanda cha kamba cha mama, kimeegemezwa ukutani. Mbao za mninga, matendegu manne ya kuchongwa, mazima kabisa, ila kamba zimekatika katikati. Panya hawa! nikasema. Nilipokiomba, baba aliangalia pembeni akasema, "Kichukue."

Kamba nikazitupa, mbao nikampelekea seremala. Akanitengenezea benchi: mchana tunakalia, chini kuna droo mbili, ukivuta ubao wa mbele linakuwa kitanda. Wanangu walifanyia hesabu zao pale. Mimi nilikunjia nguo pale, nikamenyea viazi pale. Majirani wakaja kutazama, wakanivika vilemba vya ukoka, nami nikavivaa vyote.

Ila ubao wa katikati haukukauka. Niliufuta kwa tambara, nikirudi naukuta una unyevu tena. Mume wangu akasema ni chumvi ya pwani. Haya, lakini chumvi gani inayochagua ubao mmoja? Nikawa naufuta bila kumwambia mtu.

Baba akaja siku ya Ijumaa, baada ya sala. Watoto wakamwamkia, akaitikia marahaba, marahaba, huku macho yake yako kwenye benchi. Akainama, akapapasa tendegu moja.

"Kamba ulizifanyaje?"

"Nilizitupa, baba. Panya walishazimaliza."

"Si panya. Nilizikata mimi." Akaushusha mkono kwenye ubao wa katikati. "Maji yapate kushuka kwenye ufuo, lile shimo tulilolichimba chini yake. Mama yako alioshewa hapa."

Ya Rabi! Siku ile nilifika Zinga watu wanarudi makaburini; kuoshwa kwake sikukuona. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza. Nikaviona viazi vyangu, nikayaona madaftari ya watoto, nikauona mkono wangu na tambara, unafuta, unafuta. Nilitaka kulia, badala yake nikawaka.

"Sasa si ungesema, baba! Miezi yote hii! Leo hii hii nalitoa humu ndani. Na wewe nitakurudisha Zinga kabla ya alasiri, maana najua hapa hukai tena."

Baba aliuvuta ubao wa mbele mwenyewe, polepole, mpaka benchi likawa kitanda. Akavua kofia, akalala ubavu, akajibana kabisa ukutani. Upande wa nje akauacha wazi.

"Zinga nikafanye nini?" akasema. "Mwenzangu umeshamleta huku."