Sura ya Kayitesi Kanisani Mushaki

Semana alichonga vyombo vya maziwa huko Mushaki, na mkono wake uliujua mti wa umuko kama ulimi unavyoyajua meno. Njaa ya mwaka arobaini na tatu ilimchukua binti yake, Kayitesi, bila kuacha picha hata moja. Hivyo, kanisa lilipotaka sanamu ya Bikira Maria, Semana alichonga sura iliyomjaa kichwani: paji pana, midomo iliyofumbwa kama ya mtoto anayeficha kicheko. Hakumwambia mtu. Siku ya kubarikiwa kwa sanamu ile, mkewe Libérata aliinua macho, akamtambua binti yao.

Tangu hapo, kila Jumamosi Libérata aliipaka sanamu siagi, jinsi vyombo vya maziwa vinavyopakwa ili visipasuke. Padri mzee wa kanisa alimwacha aendelee. Wanawake wengine nao wakaleta siagi yao, wakiombea watoto na ng'ombe. Siagi ikaita panya. Padri mpya alipofika, mikono ya Maria ilikuwa imetafunwa.

"Munaabudu muti," alisema. Akaagiza Maria wa plasta kutoka Ulaya, mweupe, mwenye macho ya buluu.

Katekista Viateur alicheka. "Papa Semana, Maria wako alikuwa anakula siagi kupita Padri! Njo maana alinona."

Semana hakucheka. Alivua kofia, akamwendea padri.

"Padri, kama iko muti tu, munirudishie muti yangu. Mama Kayitesi ataiweka nyumbani."

Padri hakuwa mtu mbaya. "Haiwezekane, Papa. Ilibarikiwa. Kitu ya baraka ikiharibika, tunaichoma, majivu tunazika."

"Sasa iko takatifu ao haiko?"

"Haiabudiwe. Inaheshimiwa."

"Na kuichoma njo kuiheshimu?"

Padri akageuka, akaingia sakristia.

Semana alipanda kilima na swali ambalo katekisimu haikumfundisha: ni kitu gani hiki, kitakatifu mno kurudi nyumbani, lakini si kitakatifu vya kutosha kubaki kanisani?

Waliichoma nyuma ya sakristia. Libérata hakulia. Alisimama upande ulikoelekea moshi hadi moto ukazima.

"Chonga mwingine," alimwambia mumewe jioni. "Huyu hatutamupelekea Padri."

Semana akakata umuko mbichi, akaketi na kisu. Paji lilikuja. Midomo ikakataa. Miaka yote ile, alipotaka kumkumbuka mtoto, alikuwa ameikumbuka sanamu. Sasa kichwani hapakuwa na mtoto wala sanamu, ila kisu kinachotafuta. Alikwangua, akachonga, akakwangua tena, mti ukizidi kupungua mikononi mwake.

Alipomaliza, Libérata alikipokea kile kichwa kidogo kwa mikono miwili, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango. Alikitazama kwa muda mrefu, akitafuta pa kuanzia kumjua.

"Iko muzuri," alisema polepole. "Lakini huyu, Papa Kayitesi, iko mutoto ya watu."