Pale Inapoganda

Miaka ile Kibondo, kazi yangu katika kwaya ilikuwa kubonyeza laptop. Kuimba nilikatazwa, kwa heshima. Midundo yote tuliitengeneza humo, na laptop yenyewe ilikuwa mtumba, kitufe cha herufi A kilishang'oka. Lakini kasoro yake kubwa ilikuwa moja. Kila tulipofika kwenye kiitikio, ngoma na tarumbeta zikitaka kuingia pamoja, iliganda. Unahesabu moja, mbili, halafu inaendelea kama hakuna kilichotokea.

Kwaya ikazoea. Wakawa wanaganda nayo, mguu mmoja juu, mikono hewani, kisha wanashuka pamoja. Mimi niliona aibu tupu.

Tukaalikwa kuimba kanisani Kasulu. Mwalimu wa kwaya akatangaza kwamba atakayechelewa hatua huko atakaa pembeni alinde mikoba. Hakumtaja mtu, ila sote tulimwangalia mama yangu, mwimbaji wa sauti ya pili mwenye goti bovu.

"Mikoba ina miguu?" mama akauliza. "Itakimbilia wapi?"

Watu wakacheka. Lakini tukirudi nyumbani alinishika mkono, akaniambia hataki kwenda Kasulu kulinda mikoba. Iliniuma.

Nikaona angalau laptop isituaibishe. Asubuhi ile ile ya kuimba nikaipeleka kwa fundi mmoja pale Kasulu mjini, mzee aliyehamia kutoka pwani.

"Shikamoo mzee. Nikiiongezea memori itakwenda mbio?"

"Marahaba. Inategemea, mwanangu. Ukiwa waandika barua tu, hutaona tofauti. Lakini wewe wapikia harusi kwenye sufuria ya uji. Nikikupa sufuria kubwa, utafurahi."

Akaifungua mgongo, akachomeka kipande chembamba kisichozidi urefu wa kidole. Tukajaribu kiitikio palepale dukani. Hakuna kuganda. Nilitoka pale natembea kama bwana harusi, na wenzangu, waliojua nimekwenda kwa fundi, sikuwaambia kwamba imepona, nilitaka washtuke.

Walishtuka. Kiitikio kilipofika, tarumbeta zikalia kwa wakati wake, na kwaya nzima ikasimama mguu mmoja juu, muziki ukienda zake. Nusura nianguke kwa kicheko. Mwalimu akawapungia waendelee, wakashuka wakiukimbiza wimbo, na hapo ndipo nikamwona mama. Alikuwa nyuma hatua mbili, na mwalimu kageuka anamtazama. Nikaelewa. Miezi yote ile, pale inapoganda ndipo mama alipokuwa akilituliza goti na kuwafikia wenzake.

Kiitikio cha pili nikausimamisha muziki mwenyewe, kwa kidole. Moja, mbili. Nikaachia. Mguu wa mama ukashuka pamoja na miguu ya wote. Cha tatu, tena. Kufikia cha nne watu wa Kasulu walikuwa wamesimama wanaganda nasi, wakubwa kwa wadogo, mguu juu, wanacheka huku wameshikana wasianguke. Sijawahi kufurahi vile kanisani.

Baadaye mwalimu akanijia. "Naona fundi hajakusaidia. Bado inaganda."

"Ego, mwalimu," nikakubali kwa Kiha. "Memori haikusaidia kitu."

Mama alikuwa amesimama kando yangu, begani ana mkoba mmoja tu, wa kwake. Alinishika kidole kile nilichobonyezea, akakibinya.