Kubadili Dawa ya Skolastika

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya swali nililoulizwa kwa simu. Daktari Edgar, niliyemfundisha zamani na ambaye sasa anafanya kazi Mbinga, alikuwa na mgonjwa wa kifafa, mke wa mvuvi wa Chiwanda. Nitamwita Skolastika. Jina lake si hilo, ila habari zake nazieleza kwa ruhusa yake. Dawa aliyokuwa akimeza ilikuwa imemtuliza kabisa, hajaanguka kwa miaka. Sasa alitaka mtoto, na dawa hiyohiyo inaweza kumdhuru mtoto akiwa tumboni, uti wa mgongo na akili. Akibadilishiwa, huenda akaanza kuanguka tena. Edgar aliniuliza afanye nini.

Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu, na maswali ya namna hii ndiyo kazi yangu. Niliwaeleza wenzangu wawili. Wa kwanza alisema abadilishiwe upesi, hakuna cha kujadili. Wa pili aliuliza anaishi wapi. Nilipomwambia kando ya Ziwa Nyasa akasema yeye asingethubutu, maana mtu akianguka majini hapati nafasi ya pili. Wote wawili walikuwa sahihi, na mimi nilibaki palepale. Nilikuwa na likizo. Nikakata tiketi ya Songea.

Barabara ya kusini ni ndefu, na sisi tuliozaliwa Pangani hatujazoea kukaa kutwa nzima bila kuona maji. Nililala Songea, na kesho yake nikaingia Mbinga nikiwa nimejifunga khanga mbili juu ya koti. Baridi ya Umatengo, nchi ile ya milima ya Mbinga, haina utani. Miteremko yote imechimbwa mashimo ya ngoro, shimo kando ya shimo, mahindi na maharage yameota kwenye kingo zake, na kahawa imejaa hadi nyuma ya nyumba za watu. Edgar alinipokea kwa chai ya moto. Aliniambia kwamba kwenye maduka ya dawa pale mjini kulikuwa na dawa nyingine ya kifafa, ya bei nafuu, na alikuwa amekaribia kumwandikia hiyo. Kilichomzuia hakukijua vizuri. Nilimwambia tusubiri tumwone kwanza.

Jumamosi asubuhi tuliteremka kwa gari lake kuelekea Mbamba Bay. Kona ni nyingi, na kila tuliposhuka nilivua kitu kimoja. Ziwa lilitokea chini yetu ghafla, na kwa ng'ambo milima ya Malawi ilikuwa kama moshi. Tulikula samaki wa ziwani, mbasa, wa kuchoma pale bandarini, halafu tukashika njia ya kusini.

Chiwanda tulifika mchana. Skolastika alitupokea mlangoni, mwanamke mrefu, mpole wa sauti, akanipa shikamoo kwa kupiga goti kidogo. Mumewe Osmund alileta viti. Alikuwepo pia mama mkwe wa Skolastika, ambaye mimi ndiye niliyemwamkia, na wifi yake Agnesi, jirani wa mlango wa pili.

Osmund alianza kabla sijauliza. Alisema amekwisha kuamua kwamba dawa isiguswe.

"Mimi nilimwoa yeye," alisema. "Sikuoa watoto."

Skolastika alikuwa akitazama mikono yake. "Hilo aliliamua bila kuniuliza," alisema taratibu.

Niliomba tuache uamuzi kwanza, anisimulie ugonjwa ulivyoanza. Alisema ulianza akiwa shule, na mara zote alianguka asubuhi, muda mfupi baada ya kuamka. Nikamuuliza kama kulikuwa na jambo lingine la asubuhi, hata dogo. Akacheka kwa aibu. Kwao walimwita mvunja vikombe, kwa sababu mikono yake ilikuwa ikishtuka yenyewe na kurusha alichoshika. Hakuwahi kumwambia daktari, alidhani ni uzembe wake.

Nilimtazama Edgar, naye alikuwa amekwisha kuelewa. Mishtuko ile ya asubuhi ilituambia ni kifafa cha aina gani. Kwa aina hiyo, dawa ya bei nafuu ya Mbinga ingeweza kuuzidisha ugonjwa badala ya kuupunguza. Ilikuwepo nyingine, iliyo salama zaidi kwa mtoto, ambayo ingefaa, ingawa hakuna aliyeweza kuapa kwamba ingemtuliza kama ile ya zamani.

Jioni tulitembea naye hadi ufukweni. Alituonyesha pale anapochota maji na kufua, na chanja za kuanikia usipa, dagaa wa ziwa lile. Alisema huamka kabla ya mapambazuko kuwahi mitumbwi irudipo. Nilimweleza kwamba kukosa usingizi ndiko kunakoita kifafa cha aina yake. Kisha nikamuuliza anaogopa nini kuliko vyote.

"Siogopi kuanguka," alisema. "Nimeshaanguka sana. Naogopa kuanguka nikiwa nimembeba."

Kutokana na jibu hilo tulipata pa kuanzia. Tuliporudi nyumbani tulipanga wote pamoja. Dawa mpya ingeingia kwanza, taratibu, ndipo ya zamani ipunguzwe. Hadi ya zamani iishe kabisa, wangetumia uzazi wa mpango. Mimba ikitafutwa, angeanza mapema vidonge vya foliki vya kukinga uti wa mgongo wa mtoto, na mtoto angenyonyeshwa mama akiwa ameketi chini kwenye mkeka. Agnesi alisema maji atachota yeye, na usipa wa alfajiri atapokea mama mkwe. Mwishoni Osmund aliuliza kama mkewe akianguka katikati ya mpango huu, tutarudi nyuma. Nilimjibu kwamba tutamuuliza Skolastika kwanza. Akaitikia kwa kichwa, bila furaha.

Nilirudi Dar es Salaam kwa njia ileile, nikiwa sina uhakika. Wiki chache baadaye Edgar alipiga simu: Skolastika ameanguka uani, ameumia bega. Nilikaa na simu mkononi nikijilaumu. Tulimuuliza, na yeye akasema tuendelee. Tukaongeza dawa mpya kidogo. Tangu hapo hajaanguka tena, na mikono haimshtuki.

Wenzangu waliponiuliza nani kati yao alikuwa sahihi, niliwaambia tulikuwa tunapima dawa mbili wakati tulipaswa kupima maisha ya mtu mmoja, na maisha hayo hayaonekani kwenye vipimo tunavyotumiwa. Bado kuna siku ninaamua nikiwa ofisini, maana siwezi kusafiri kwa kila mgonjwa. Lakini siku hizi naanza kwa kuuliza mtu anaamkaje, anachota maji wapi, na anaogopa nini.

Mwezi uliopita Skolastika alinipigia mwenyewe. Alisema kidonge cha mwisho cha dawa ya zamani alikimeza zamani kidogo, na Edgar amemwambia aniulize mimi.

"Daktari, sasa ninaruhusiwa?"

Nikamwambia ndiyo, sasa anaweza.

Nilimsikia akimwita mumewe kwa Kinyasa, mara mbili, na nyayo za mtu akija mbio.